Nikeli ya Kijani

Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache, na katika hayo machache, neno "kumbe" hakuwahi kunipa mimi. Wengine aliwapa. Alimpa fundi wa redio aliyemwonyesha kwamba betri hazikuwa na shida, ni waya tu ulikuwa umekatika. Alimpa hata mbuzi wetu mmoja, mwizi, aliyejifunza kufungua komeo la jikoni kwa pua. "Kumbe!" akasema, akasimama kumtazama mbuzi kana kwamba ametoka kufaulu mtihani. Mimi nilipika, nikazaa, nikalea, nikapaka rangi, nikaambiwa "sawa" na "haya" na "mama watoto, chai iko?" Mtu anakwambia kumbe ukimwonyesha kitu ambacho hakukijua. Mimi aliona amemaliza kunijua.

Tulikaa Bulla Pesa, hapa Isiolo, kwenye ploti ya vyumba vinavyotazamana, ua katikati, bomba moja la maji na choo mwisho. Kazi yake ilikuwa kuandika: majina ya maduka ukutani, maneno ya dini na ya majigambo kwenye milango ya malori, kichwa cha ng'ombe kwenye ukuta wa bucha. Kazi hiyo ikipungua, alitengeneza vigari. Usidhani nasema vile vya waya ambavyo watoto husukuma njiani. Hivi vilikuwa vya watu wazima wenye malori yao. Mtu anashusha mbuzi na ng'ombe Nairobi, anarudi na unga na sukari, amefanikiwa, sasa anataka lori lake lile lile, dogo, likae juu ya kabati la vyombo sebuleni, wageni wakija waulize. Mume wangu alikata bati la mikebe ya mafuta ya kupikia, akalilehemu, akachonga magurudumu kwa mpira wa ndara zilizokwisha. Vipimo vyake vilikuwa vya miguu na vidole: hatua yake moja ubavuni mwa lori la kweli ilikuwa upana wa kidole gumba kwenye kigari. Ukimletea lori alilizunguka kwanza ameinamisha kichwa, kama mtu aliyeangusha sindano, halafu akaja kukaa na kuanza kukata.

Bodi alipaka yeye. Nikeli nilipaka mimi. Nikeli ndizo zile sehemu za gari zinazong'aa: bampa, grili, duara za taa, vikombe vya magurudumu, vishikio vya milango. Kigari kisicho na nikeli ni mkebe uliovishwa rangi. Ukikiwekea nikeli iliyokaa vizuri, mwenye lori anapapasa mfuko kutafuta ufunguo. Brashi nilijitengenezea mwenyewe, singa za ndani ya sikio la mwanambuzi, nimezifunga kwa uzi kwenye kijiti cha mswaki. Rangi ilikuwa silva ile ile ya kupaka matangi ya maji, nimeichuja kwa kitambaa mpaka ikawa laini. Nilikuwa nabana pumzi, navuta mstari, ndipo napumua. Mistari yangu haikutetemeka, hata mtoto akiwa mgongoni. Wateja walisema, "Lo, mama ana mkono huyu!" Mume wangu alisema sawa.

Ndipo akaja yule msichana. Jina lake sitalitaja, na si kwa heshima. Mdomo wangu haujalizoea mpaka leo.

Alitoka Meru, kule juu kwenye migomba na majani chai, akamfuata kaka yake ambaye alikuwa karani kwenye ofisi moja ya serikali hapa mjini. Walipanga chumba kinachotazamana na chetu. Siku ya kwanza alivuka ua, akasema "Habari ya hapa, mama," kwa adabu kabisa, akaniletea ndizi za kwao. Ndizi kubwa, tamu sana. Nilizila zote na sikumpenda.

Alikuwa amesoma sekondari, na huko alifundishwa kuchora. Mchana mmoja nilikuwa kwenye meza yetu chini ya kivuli cha turubai, navuta mstari wa bampa, nikasikia mtu anapumua nyuma ya bega langu. Kazi ya mstari haitaki mtu wa kupumua nyuma yako.

"Samahani mama, naingilia," akasema. "Lakini nikeli si silva."

"Ni nini basi? Samli?"

Mume wangu alikuwa akikata bati pembeni. Akacheka. Msichana naye akacheka, halafu akaendelea bila kuogopa. "Nikeli haina rangi yake mwenyewe, mama. Ni kioo. Inarudisha tu kile kilicho mbele yake. Juu inarudisha mbingu, chini inarudisha ardhi, na pale zinapokutana panakuwa na mstari mweusi. Ukipaka silva inaonekana ni silva. Ukipaka mbingu na ardhi, jicho linasema nikeli."

Nilitaka kumwambia kwamba nimeanza kupaka nikeli yeye hajaota meno. Lakini mume wangu alikuwa ameshaweka mkasi chini.

"Hebu rudia hapo," akasema.

Hakurudia kwa maneno. Aliomba kipande cha bampa kilichoharibika, akaomba brashi, na brashi iliyokuwepo ilikuwa yangu, akapewa. Akapaka buluu juu, inayofifia ikishuka. Akaweka mstari mweusi, mwembamba kama unywele. Chini yake akapaka kijani kizito, na mwisho akadondosha tone jeupe kwenye kona. Akainua kile kipande kwenye mwanga. Wallahi, bati lile la mkebe liliwaka. Ungeligusa ukitegemea ubaridi wa chuma.

"Kumbe!" akasema mume wangu.

Nililisikia neno lile linapita kando ya sikio langu kwenda kwake. Nikachukua brashi yangu mkononi mwa yule msichana, nikaenda kuiosha, nikaiosha mpaka singa mbili zikang'oka.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wazee, na Isiolo yote ilikipenda kidonda kile. Kigari cha kwanza alichopaka kilikuwa cha mfanyabiashara wa miraa wa kwao, gari la kukimbiza mzigo usinyauke. Yule mtu alikiweka kwenye kibanda chake cha kuuzia, na watu wakaanza kupita kukitazama tu, hata wasiotafuna. Kabla ya muda mrefu wateja walikuwa wanafika uani kwetu wakiuliza, "Yuko wapi yule dada wa nikeli?" Mimi nimekaa pale pale, brashi mkononi. Nikawa napewa vishikio vya milango na matairi. Matairi! Rangi nyeusi tupu, kazi ya kumpa mtu umnyamazishe.

Mume wangu akatengeneza kigoda cha tatu. Alikichonga vizuri, akakipiga msasa. Changu nilichokalia miaka yote kilikuwa kreti ya soda iliyogeuzwa.

Jirani yangu aliyeuza maziwa alikiona asubuhi ile ile. "Mwenzangu," akasema, "kigoda kimekuja. Kitanda kitafuata lini?" Akacheka mpaka mtungi ukatikisika. Nami nikacheka, kwa meno tu.

Sikuwa naota. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Shangazi yake mume wangu alishuka kutoka Kipsing kutafuta dawa ya macho, akakaa kwetu, na macho yake yale mabovu yakaona kila kitu. Alikaa mkekani akimtazama msichana anavyopaka. "Mkono mwepesi," akasema. "Ana heshima. Amesoma. Akisilimu, huyu ni mtu wa nyumba."

"Shangazi, na mimi niko hapa," nikasema.

"Nakuona uko. Naongea na kijana wangu."

Nikamgeukia kijana wake. Nilisubiri aseme shangazi acha, shangazi nyumba yangu ina mtu. Akafuta mkasi kwa paja la suruali. "Haya," akasema.

Haya gani? Haya nimesikia, au haya nitafanya? Nililala na haya hiyo kifuani, nikaamka nayo. Mke mwenza kwetu si jambo la kusimuliwa tu, nimeliona kwa macho. Mama yangu aliletewa mwenzake mimi nikiwa bado msichana wa kuchota maji, na namkumbuka akihamisha mkeka wake kutoka chumba cha mbele kwenda cha nyuma. Hakulia. Aliukunja vizuri, ncha kwa ncha, akaubeba kama anaupeleka kwa mtu mwingine. Niliapa tangu siku hiyo kwamba mimi mkeka wangu hautakunjwa. Na sasa naona kigoda kimepigwa msasa.

Basi nikaamua kumwibia elimu yake. Nilikaa na matairi yangu, mkono unapaka nyeusi, jicho liko kwake. Niliona anavyoichovya brashi nusu tu, anavyoifuta ukingoni mwa kopo, anavyoanza buluu kabla ya kijani. Akienda zake, nilifanya mazoezi juu ya vifuniko vya mikebe, halafu nikavitupa chooni asivione mtu. Vifuniko vingi sana vilikwenda huko. Mpaka siku moja nikapaka kimoja, nikakiweka kando ya chake, na mimi mwenyewe nikashindwa kusema kipi ni cha nani. Buluu, mweusi, kijani, tone jeupe. Nikasema, sasa na tuone.

Mwaka ule ulikuwa wa ukame, ule wa mahindi ya manjano ya msaada. Mzee mmoja mfanyabiashara wa mifugo wa Oldonyiro alikuja kwetu na binti yake, mwanamke mzima, mwenye watoto wake. Mifugo ya mzee ilikuwa imekwisha, na lori bila mifugo ni mdomo wa kulisha tu. Alikuwa analiuza. Kabla halijaenda alitaka lile dogo libaki nyumbani. "Mengine mtajua wenyewe," akasema. "Ila bampa langu, nataka bampa langu." Lilikuwa bampa la nikeli tupu, alilofungiwa Nairobi enzi za neema, na alikuwa na desturi ya kulipangusa kwa ncha ya shuka lake kila akishuka.

Mume wangu alikata, akalehemu, akapaka bodi. Kisha Jumapili asubuhi, akienda kuandika ukuta wa duka, akasema akiwa mlangoni: "Bampa usiguse. Aachiwe yule dada akitoka kanisani. Huyu mzee anataka kazi ya maana."

Kazi ya maana! Niliambiwa hivyo mimi niliyempikia hiyo chai aliyotoka kunywa. Nilisubiri vumbi la baiskeli yake litulie, nikavuta kreti yangu, nikafungua makopo. Nilipaka bampa lile kwa hasira, na hasira haikunitetemesha hata kidogo. Buluu ikafifia ikishuka. Mstari mweusi ukakaa. Kijani kikalala chini yake kizito, kimeshiba. Tone jeupe likawa pale linapotakiwa kuwa.

Msichana akarudi kutoka kanisani na kitambaa chake cha manjano kichwani, akaliona. "Mama! Umeipata!" Akapiga makofi kwa furaha ya kweli. Hata hiyo furaha yake iliniudhi.

Jioni mume wangu akalichukua, akaligeuza. "Yule dada amefanya vizuri," akasema. Nami sikumsahihisha. Nilitaka asifu mbele ya watu kwanza, halafu ndipo nimwambie, ashindwe kuzirudisha sifa.

Mzee alikuja siku iliyofuata na binti yake. "Salaam aleikum." Ua mzima ukaitika, hata jirani wa maziwa alijitafutia kazi pale karibu na bomba. Mzee akapokea lori lake kwa mikono miwili. Akatazama mlango, akatazama maandishi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akafika kwenye bampa.

"Hii ya chini ni nini?"

"Ni ardhi, mzee," mume wangu akasema, akitoa somo la mwenzake kama la kwake. "Nikeli ni kioo. Juu mbingu, chini ardhi."

"Ardhi ya wapi?"

Mume wangu akageuka kumtazama msichana.

"Warya," mzee akasema, akimwita kama kijana mdogo, mtu mzima na kazi yake, "lori langu limetembea Oldonyiro, limetembea Kipsing, limekuja hapa. Ng'ombe wangu wamekufa wakitafuta kijani hiki. Mbuzi wangu wamekula karatasi. Kumbe nyasi zote zilikuwa hapa, kwenye bampa?"

Watu wakacheka. Jirani wa maziwa alicheka akakaa chini kabisa. Mzee mwenyewe hakucheka.

Yule msichana akasema polepole, "Kwetu ndivyo ilivyo. Ukisimama mbele ya gari kwetu, chini ni kijani. Mimi nimezoea kupaka kwetu." Halafu akanitazama, kwa sababu yeye alijua lile bampa halikuwa lake.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimeiba mkono wake na macho yake pamoja. Nimezaliwa kwenye nchi nyekundu, nimeifagia uani kila siku ya maisha yangu, na nikaketi nikapaka Meru.

"Basi dada utairekebisha," mume wangu akamwambia.

"Si yeye," nikasema. "Nilipaka mimi."

"Wewe?" Alinitazama, kisha akatazama bampa, kisha akatazama tena. Wewe, basi. Hata hapo sikupewa kumbe.

Nikamgeukia mzee. "Baba, lori liko wapi?"

Lilikuwa limesimama kwenye kiwanja karibu na soko la mifugo, tupu, mlango wa nyuma wazi. Tukaenda: mzee, binti yake, mume wangu, na msichana naye akafuata, sijui nani alimwalika. Nikachuchumaa mbele ya bampa kabisa, magoti yakigusa vumbi, nikatazama.

Mbingu haikuwa buluu. Ilikuwa nyeupe, ya vumbi, rangi ya maji yaliyooshea sufuria ya uji. Mstari wa katikati haukuwa mweusi sana, ulikuwa kama moshi. Chini palikuwa pekundu, pekundu hasa, na palepale mbele nilikuwapo mimi, uso umevimba kama andazi, nimejaa bampa lote.

Nyuma yangu walisimama wawili. Nikeli ilikuwa imewavuta wakawa wadogo sana, lakini waliwaka kwa ule usafi wake. Mume wangu alikuwa amevaa kofia yake nyekundu ya kufuma. Akasikia joto. Akaivua, akaipeleka kando bila kutazama. Na yule msichana, kitambaa chake cha manjano kichwani, akanyoosha mkono akaipokea, bila kutazama. Mume wangu akajifuta jasho kwa kiganja. Msichana akabaki ameishika kofia kifuani, wote wawili wanamsikiliza mzee. Hawakusema neno, hawakugusana hata kidole.

Hivyo ndivyo mtu anavyompa kitu mkewe. Mgeni utamwambia nishikie, utamtazama machoni, utamshukuru. Ile ilikuwa mikono inayojuana. Ningewafumania wamekumbatiana ningejua la kufanya, ningepiga kelele, ningevua ndara. Kwa kofia utapiga kelele gani? Nilichuchumaa pale, nikawatazama mpaka macho yakatoka maji, na mzee akafikiri ni jua.

Nilirudi nyumbani nikafuta kijani chote kwa mafuta ya taa. Nikachanganya rangi ya kuzuia kutu na nyeupe kidogo mpaka nikapata nyekundu ya kwetu. Mbingu nikaipaka nyeupe chafu. Mstari nikaufanya moshi. Halafu nikang'oa singa za brashi, nikang'oa, mpaka ikabaki moja. Kwa singa hiyo moja niliweka juu ya ile nyekundu vitone viwili vimesimama, kimoja kirefu, kimoja kina manjano kichwani. Na kwenye mkono wa yule wa manjano nikagusa chembe nyekundu iliyokolea, ndogo kuliko yai la chawa.

Nilifanya hivyo kwa ajili ya nafsi yangu. Nilitaka kiwepo mahali, nisije nikaambiwa nimeota.

Mzee aliporudi, alilishika bampa, akashusha pumzi ndefu. "Hii ndiyo," akasema. "Hili ndilo vumbi langu." Mume wangu akaanza kutabasamu. Ila binti wa mzee alikuwa na macho makali. Alilisogeza karibu na uso.

"Baba, kuna watu hapa. Wawili. Mwanamke ameshika kitu chekundu."

"Hebu." Mzee akakodoa, akaligeuza kwenye mwanga. Na usoni mwake kukaja kitu ambacho sikukitegemea. "Ni mimi na marehemu," akasema. "Mama yenu. Alikuwa akinishikia kofia nikiingia chini ya lori. Nani kakwambia, binti yangu? Nani kakwambia alikuwa akinishikia kofia?"

Ningemjibu nini? Nikasema, "Hakuna aliyeniambia, baba."

Mume wangu akainama kutazama. Alitazama kwanza kama fundi, anakagua. Kisha niliona bega lake likisimama. Akaona kitambaa cha manjano. Akaona ile chembe. Mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kichwani, kwenye kofia yake nyekundu, ukabaki pale.

"Kumbe," akasema. Alilisema taratibu, na alinitazama mimi, wala hakumtazama mtu mwingine. "Kumbe uliona."

Miaka yote ile nililisubiri hilo neno. Nilipolipata lilikuwa hilo.

Mzee akaondoka na lori lake dogo kifuani, vitone vyangu vikiwa juu yake, na nisingeweza kuomba nivifute. Jua lilikuwa linashuka tulipobaki wawili mezani. Nikamimina chai. Nikamwambia, "Ukimuoa, muoe na brashi yako. Yangu inarudi na mimi kwetu. Na mkeka wangu siukunji, utaukunja wewe."

"Hakuna kilichofanyika," akasema.

"Bado."

Akazungusha kikombe. "Sikujua inaonekana."

"Mwenye macho haambiwi tazama."

Akanywa chai yake yote. "Shangazi nitamwambia aache," akasema. Na alimwambia, nilisikia kwa masikio yangu, na shangazi akarudi Kipsing akilalamika kwamba dawa ya macho ya Isiolo haifai. Msichana akaacha kuja mezani. Sijui aliambiwa nini au aliambiwa na nani. Kaka yake alipata uhamisho mvua zilipoanza, na siku ya kuondoka akavuka ua na ndizi, akanipa na kopo lake la kijani lililobaki nusu. "Utalihitaji, mama," akasema. Nililitumia kupaka mlango wa choo.

Nyumba yangu ilibaki yangu. Sikuletewa mtu. Kigoda kilichopigwa msasa nikakikalia mimi, na kreti ikawa ya kuwekea makopo. Ukiuliza nilishinda, nilishinda.

Kisha miaka ya tisini ikaelekea ukingoni, na yule mzee akafariki. Mume wangu alikuwa na homa, nikaenda peke yangu Oldonyiro kutoa pole. Binti yake alinikaribisha sebuleni, akanikalisha mbele ya kabati la vyombo, na juu ya kabati, kwenye kitambaa cha kufuma, lilikuwa lori. Bodi ilikuwa imepauka. Matairi ya ndara yalikuwa yamepasuka. Lakini bampa lilikuwa kama jana.

"Baba hakuruhusu liguswe," akasema binti. "Vumbi alipangusa mwenyewe."

Aliliteremsha akanipa. Walikuwepo, wamesimama vile vile juu ya vumbi jekundu, kofia mkononi, na hapakuwa na wa kuwatenganisha. Mume wangu nilimwacha nyumbani kitandani, amezeeka, tumbo limemtoka, ananung'unikia dawa chungu. Huyu wa hapa alikuwa bado kijana, na alikuwa na yule. Wameishi sebuleni mwa watu miaka yote hiyo, wamepanguswa vumbi, wamepewa heshima ya mke na mume. Wivu ukanipanda pale pale, mbichi, na chai mkononi. Na ni mimi niliyewaoza!

"Nikuulize, mama," binti akasema. "Baba alisema ni yeye na mama, nasi tukamwachia. Lakini mama yetu hakuwahi kuvaa manjano. Hawa ni nani?"

"Ni watu tu. Walikuwa wamesimama nyuma yangu."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mbele. Si ulikuwepo? Nilichuchumaa mbele ya bampa kabisa."

Akalichukua, akalipeleka dirishani, akaliinamisha huku na huku kwenye mwanga kwa yale macho yake makali. Alitafuta kwa muda mrefu.

"Mbele kabisa?" akasema. "Mbona basi hupo?"

Nikamwambia aniongezee chai.